MWANA ANAPOSOMA UJERUMANI NA KUFANYA KAZI YA KOMPYUTA
Yawapasayo kujua wale wanaobaki nyumbani

Kata ya Nkanka iko ukingoni mwa ziwa Kivu, katika wilaya ya Rusizi ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Watu wake ni wakulima wa kahawa na ndizi, wavuvi wa sambaza, waalimu, wafanya biashara wadogo wanaopeleka bidhaa zao Kamembe na Bukavu, na familia zisizo chache zenye baba au kaka aliyevaa sare ya jeshi au ya polisi. Katika nyumba kama hizo siku hizi husikika habari ambayo miaka thelathini iliyopita ingeonekana ni ndoto: kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya kompyuta mjini Kigali amepata nafasi katika chuo kikuu cha Ujerumani, naye anasema kuwa huko atasoma huku akifanya kazi ya kompyuta kwa saa chache kila juma.

Furaha huwa kubwa, na yastahili kuwa kubwa. Lakini furaha hiyo huja pamoja na hesabu zisizo sahihi. Ndugu husikia kwamba kijana atalipwa yuro elfu moja na zaidi kwa mwezi, huzibadili kuwa faranga, na kabla hajapanda ndege fedha hizo zimekwisha kugawanywa: karo ya wadogo zake, mabati ya nyumba, mahari ya kaka, matibabu ya shangazi. Hapana budi basi jambo hili lielezwe polepole, kwa tarakimu, ili kila mmoja ajue ni kitu gani hasa kinachopatikana huko na kwa masharti gani.

Ujerumani si nchi ngeni kabisa kwa watu wa ukingo huu wa ziwa. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Wajerumani waliweka kituo chao Ishangi, jirani na huku kwetu, na daktari Richard Kandt, aliyekuja baadaye kuanzisha mji wa Kigali, aliishi miaka kadhaa karibu na hapo. Utawala wao ulikoma mwaka 1916, nao uliacha lugha hii ya Kiswahili ikiwa imepiga hodi Rwanda pamoja na misafara na askari wa zama zile. Baada ya hapo uhusiano ulirudi kwa njia ya heri zaidi: tangu mwaka 1982 jimbo la Rheinland-Pfalz lina udugu rasmi na Rwanda, na shule nyingi za pande zote mbili zimeunganishwa. Kwa hiyo kijana hatakuwa wa kwanza kukanyaga njia hiyo.

Tuanze na fedha zinazotoka nyumbani, maana ndizo zinazotangulia. Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi karo ya masomo, ila mchango wa muhula ambao kwa kawaida ni kati ya yuro 100 na 350. Yako mapungufu katika kanuni hiyo. Jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na chuo kikuu cha ufundi cha München kilianza kuwatoza wageni karo mwaka 2024. Kabla ya kuchagua chuo, familia na isome kwanza ukurasa wa karo. Wengi huanza na ukurasa wa picha.

Mzigo wenyewe uko kwenye visa. Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba mwanafunzi anazo fedha za kula na kulala kwa mwaka mzima. Kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani zaidi ya faranga za Rwanda milioni 17. Mwenye msaada wa masomo, kama ule wa shirika la DAAD, huonyesha barua ya msaada huo. Asiye nao kwa kawaida huweka fedha hizo katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humwachilia yuro 992 kila mwezi na si zaidi. Askari mwenye akiba yake Zigama CSS atafikiria mkopo. Mwalimu atafikiria Umwalimu SACCO. Mkulima atatazama shamba lake. Yafaa ieleweke kwamba fedha hizi hazilipwi kwa chuo wala kwa serikali ya Ujerumani. Ni chakula na kitanda cha mtoto mwenyewe, naye atakila chakula hicho mwezi baada ya mwezi mpaka kiishe.

Sasa tuje kwenye kazi. Sheria ya Ujerumani humruhusu mwanafunzi mgeni kutoka nje ya Ulaya kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Hadi Februari 2024 zilikuwa siku 120. Wenye kusoma karatasi za zamani waangalie jambo hilo. Kwa kazi ya saa zisizozidi ishirini kwa juma wakati wa mihadhara, kila juma linaweza kuhesabiwa kuwa siku mbili na nusu, na kwa hesabu hiyo mtu aweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuvuka mpaka. Kazi za mwanafunzi msaidizi ndani ya chuo chenyewe, kama kumsaidia mhadhiri au kutunza chumba cha kompyuta, hazihesabiwi kabisa katika siku hizo 140.

Saa ishirini ni namba ambayo mzazi angepaswa kuikariri. Wajerumani humwita mwanafunzi aliyeajiriwa kwa namna hii Werkstudent, nao wamempa nafuu kubwa: hakatwi katika mshahara michango ya bima ya afya na ya ukosefu wa kazi ambayo wafanya kazi wengine hukatwa. Hulipa bima ya afya ya wanafunzi, ambayo ni rahisi, na mchango wa pensheni. Nafuu hiyo hutolewa kwa sababu kazi yake kuu ni masomo. Akivuka saa ishirini kwa juma katika majira ya mihadhara, huhesabiwa kuwa mfanya kazi anayesoma kidogo, na makato yote humrudia. Iko ruhusa ya kuzidisha kwa kazi za jioni, za usiku na za mwisho wa juma kwa muda wenye kikomo, na wakati wa likizo za chuo aweza kufanya kazi kutwa. Mihadhara ya majira ya baridi huanza katikati ya Oktoba na kuishia Februari. Ile ya kiangazi huanza Aprili na kuishia Julai. Miezi inayobaki ndiyo ya kuongeza kipato, ingawa mitihani mingi nayo huangukia humo humo.

Je, ni kazi gani hiyo ya kompyuta? Watu wengi wakisikia neno kompyuta humwona kijana ameketi kwenye kiti kinachozunguka akigundua mambo makubwa. Kwa kweli kazi za mwanzo ni za uvumilivu. Mmoja huwekwa kwenye dawati la msaada, ambapo kutwa huwapokea watu waliosahau neno la siri au ambao mashine yao haichapi. Mwingine hupewa programu mpya ya kampuni aijaribu: abonyeze kila kitufe, ajaze kila fomu kwa makosa ya makusudi, na aandike kila kasoro aliyoiona na jinsi ilivyotokea. Mwingine husafisha orodha za takwimu zenye majina yaliyoandikwa mara mbili. Baada ya miezi, aliyeonekana ni mwangalifu hupewa kipande cha programu akiandike mwenyewe, na mfanya kazi mkongwe hukisoma mstari kwa mstari kabla hakijakubaliwa. Kusahihishwa huko hakuna adabu za kuzungukazunguka. Mjerumani husema kosa kuwa kosa. Kijana aliyelelewa kumsikiliza mkubwa bila kununa atafaidika sana na elimu hiyo, ambayo darasani haipo.

Kuna jambo moja ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia. Mashine ya kampuni na neno lake la siri ni kama ufunguo wa ghala la silaha: hauazimwi, wala haubebwi kwenda nao likizo bila idhini. Sheria za Ulaya za kulinda habari za watu ni kali. Kijana anayekuja Nkanka kwa Noeli asidhani ataifungua mashine ya mwajiri barazani na kuendelea na kazi. Aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya safari. Akinyimwa, aiache mashine huko huko.

Onyo la pili linahusu kazi za kujitegemea. Kijana anayejua kutengeneza kurasa za intaneti hupata upesi mtu wa kumwambia, nitengenezee dukani kwangu, nitakulipa ukileta ankara. Hiyo si ajira, ni biashara yake mwenyewe, na kibali cha mwanafunzi hakimruhusu kufanya biashara mpaka idara ya wageni ya mji wake itoe idhini maalumu. Kadhalika kukaa chumbani Ujerumani na kuitengenezea kampuni ya nyumbani programu kwa malipo bado ni kufanya kazi ukiwa Ujerumani, na si jambo la kufanya kabla ya kuuliza. Kijana mwerevu aweza kuharibikiwa hapa bila kuwa na nia yoyote mbaya, kwa sababu tu hakuna mtu aliyemwona akitoka kwenda kazini.

Tufanye sasa hesabu ya kijana wa mfano, mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, anayelipwa kima cha chini cha mshahara. Kima hicho kilikuwa yuro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na kuanzia Januari 2026 ni yuro 13.90. Kazi za kompyuta mara nyingi hulipa juu kidogo ya hapo, lakini ni busara kuhesabu kwa kima cha chini. Saa ishirini kwa juma, kwa wastani wa mwezi, huleta yuro 1,204. Pensheni huchukua si zaidi ya asilimia 9.3, yaani yuro 112. Kodi ya mapato kwa mshahara wa kiasi hiki kwa kawaida haimgusi, na kama mwajiri amemkata kodi katika mwezi wa saa nyingi, aweza kuidai irudishwe mwaka ukiisha. Hubaki angalau yuro 1,092.

Hapo ndipo ndugu husimama na kuanza kugawa. Lakini bima ya afya ya wanafunzi huchukua takriban yuro 150 kwa mwezi, na anayefikisha miaka thelathini huondoka katika bima hiyo rahisi na kulipa zaidi sana. Chumba cha bweni, akibahatika kukipata, ni yuro 300 hadi 400. Katika mji kama München chumba cha kupanga kwa mtu binafsi chaweza kupita 700. Chakula anachojipikia mwenyewe ni yuro mia mbili na ushei. Upo mchango wa muhula, nauli, simu, koti la baridi na viatu visivyopitisha theluji, na hata ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi ambayo kila nyumba hutozwa, iwe ina televisheni au haina. Katika mji wa kadiri, kijana huyu atabakiwa na yuro mia mbili hivi kwa mwezi kama hakuugua jino. Katika mji ghali hatabakiwa na kitu.

Ndugu msomaji atauliza: mbona basi wengine hutuma fedha nyingi katika mwaka wao wa kwanza? Jibu la swali hili ndilo kiini cha mambo, na nimeona halielezwi vya kutosha. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi ana mifereji miwili. Akaunti iliyofungwa humletea yuro 992 kila mwezi, na kazi, akiipata, humletea elfu moja na zaidi. Huonekana tajiri, na yeye mwenyewe hujiona tajiri. Hutuma nyumbani yuro 300, 400, hata 500 kwa mwezi, na nyumbani hujengwa mazoea. Mwezi wa kumi na mbili akaunti hukauka. Muda mfupi baadaye, au hata kabla, kibali chake cha ukaazi huhitaji kuongezwa, na idara ya wageni humwuliza tena swali lile lile la ubalozini: utaishi kwa nini mwaka ujao? Mkataba wa kazi na karatasi za mshahara huweza kuzingatiwa, na akiba iliyo benki vile vile. Aliyetuma kila kitu nyumbani hana akiba, na kama mkataba wake unaishia mwezi ule ule, hana cha kuonyesha.

Hutokea basi anayoyajua kila aliyewahi kuishi na wanafunzi ughaibuni. Kijana hutafuta kazi ya pili, usiku, katika ghala la vifurushi au jikoni mwa hoteli. Saa ishirini huwa thelathini na tano. Mihadhara ya asubuhi humpita. Mitihani huja, naye hushindwa. Na katika vyuo vingi vya Ujerumani anayeshindwa mara tatu mtihani wa somo la lazima huondolewa katika masomo hayo, na hawezi kuhamia chuo kingine kuyaendeleza. Kibali chake kimefungamana na masomo. Masomo yakikatika, nacho hukatika. Mkopo wa baba bado unakatwa katika mshahara wake kambini, na mtoto yu njiani kurudi bila shahada.

Mshahara wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo, ni chakula cha mwaka wa pili. Kijana wetu wa mfano akipata kazi mwezi wa tano wa mwaka wake wa kwanza, naye akaishi kwa zile yuro 992 za akaunti, basi katika miezi minane inayobaki aweza kuweka yuro 8,700 au zaidi kidogo. Hazitoshi kutimiza 11,904, lakini pamoja na mkataba wa kazi unaoendelea zitampa msimamo mbele ya afisa wa idara ya wageni, na zitamwezesha kulala usingizi. Nasema mwezi wa tano kwa sababu kazi haipatikani siku ya kushuka ndege. Kampuni kubwa zenye wageni hukubali Kiingereza. Nyingi ndogo hutaka Kijerumani, japo masomo yenyewe ni ya Kiingereza. Anayeanza kujifunza Kijerumani Kigali, katika Goethe-Institut au kwingineko, mwaka mmoja kabla ya safari, hujipunguzia miezi mingi ya kutafuta.

Pana haja ya maafikiano ya nyumbani kabla ya safari, na naona yafaa yaandikwe kwenye karatasi, hata kama wazee watacheka. Kwa muhula wa kwanza mtoto asiombwe kitu. Baada ya hapo, kama baba alichukua mkopo, na wakubaliane kiasi kidogo kisichobadilika cha kusaidia marejesho, tuseme yuro 100, ambazo ni faranga laki moja na nusu hivi au zaidi. Na kiasi hicho kiende kwenye mkopo moja kwa moja, kisipitie mikononi mwa mtu mwenye shida yake. Maombi ya harusi, msiba na mabati yapitie kwa mtu mmoja, mama au kaka mkubwa, ambaye ndiye atakayeamua lipi limfikie mwanafunzi na lipi limalizwe hapa hapa. Mke wa askari anajua vyema desturi hii, maana mumewe akiwa kwenye ulinzi wa amani nchi za mbali ndugu huanza kumpigia simu yeye.

Na kuhusu simu, saa za kule na huku zinakaribiana. Wakati wa kiangazi chao saa ni zile zile. Wakati wa baridi wao wako nyuma kwa saa moja. Anayepiga simu saa mbili asubuhi ya hapa katika mwezi wa Januari humkuta mtoto yu gizani bado, akivaa koti kwenda kazini au chuoni. Jumapili alasiri ni bora. Aulizwe kwanza habari za mitihani, ndipo za kazi.

Yako manufaa mengine ambayo kijana asiyaache. Werkstudent ana haki ya likizo yenye malipo kama mfanya kazi mwingine, kwa kadiri ya siku zake za kazi katika juma. Akiugua, baada ya majuma manne kazini, mshahara wake huendelea kulipwa kwa muda uliowekwa na sheria. Akimaliza shahada huruhusiwa kubaki hadi miezi kumi na minane kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na mwajiri aliyemzoea kwa miaka miwili mara nyingi huwa wa kwanza kumwita. Wengine hurudi na ujuzi wao Kigali, ambako kampuni za Kijerumani nazo zimekuja: Volkswagen ilianza kuunganisha magari huko mwaka 2018.

Kwa anayerudi, kuna ile pensheni iliyokuwa ikikatwa kila mwezi. Kama alichangia chini ya miezi 60, aweza kuomba mchango wake urudishwe, baada ya kupita miezi 24 tangu aondoke Ulaya. Kwa hiyo karatasi za mshahara na namba ya bima ya pensheni zisitupwe wakati wa kufunga mizigo. Ziwekwe katika bahasha moja, na bahasha hiyo ikae nyumbani Nkanka mahali pasipovuja.